Hesabu Nyuma ya Risiti

Umeileta imefungwa kwa kanga ya mamako,
kadi ya picha, feni tatu, nzito kama tofali,
na Jumamosi una harusi Kibokoni:
kamera nne, saa tisa za vigelegele,
na hiyo kompyuta yako
hukwama kila bi harusi akigeuza shingo.

Hongera, Twalib. Kaa.
Kabla hujagusa kitu, gusa chuma cha kasha.
Najua, unyevu wa Tudor hauzai cheche.
Gusa tu.

Sasa nipe pawa saplai.
Hii?
Imeandikwa wati mia tano kwa herufi za dhahabu
na mkononi ni nyepesi
kama boksi la halua siku ya pili ya Idi.
Shaba ina uzito, mdogo wangu,
na haijui kujisifu.

Soma pembeni, yale maandishi ya sisimizi:
laini ya volti kumi na mbili, ampea kumi na nane.
Zidisha.
Mia mbili na kumi na sita.
Zilizobaki, baadhi ni za volti ndogo zisizokufaa,
baadhi ni mdomo wa muuzaji.

Napindua risiti ya tokeni, naandika:
kadi, mia mbili ishirini;
prosesa, tisini na tano;
diski, feni, na vile vitaa vya rangi usivyoweza kuviacha,
arobaini.
Mia tatu hamsini na tano,
na pupa bado hatujaiweka,
maana kadi hii ikishtuliwa hugugumia,
kufumba na kufumbua, maradufu ya chakula chake.
Aliyealika watu mia hapiki pilau ya watu mia.
Tafuta mia sita na hamsini. Za kweli.

Unatoa mfukoni adapta yenye mikia miwili,
shilingi mia mbili, Mwembe Tayari.
"Fundi, si inaingia?"

Inaingia.
Hata kidole cha mtoto huingia kwenye soketi.

Mwaka juzi niliitwa Bondeni.
Plagi ya pini nane, kona moja imeyeyuka,
kahawia, kama kashata iliyosahauliwa motoni.
Mwenyewe alisema alisikia harufu,
akadhani ni kwa jirani.
Wanawe walikuwa wamelala chumba hichohicho.
Haikuwaka.
Sikumwambia ametumia bahati kiasi gani.

Unaniuliza bei ya nyingine. Nakutajia.
Chini, cherehani ya Bi Mwanakheri inanyamaza, inaendelea.
Unaanza kuifunga kadi tena
na nasoma nusu ya jina la kanga, HAYA NI YA,
nusu nyingine imeingia kwenye mkunjo.

Basi nachukua bisibisi,
naifungua mashine yangu mwenyewe
niliyoijenga kwa miezi kumi na mmoja ya kudunduliza,
naing'oa pawa saplai yake, nyeusi,
bado ina joto la asubuhi.

Sikiliza. Zima ukutani, chomoa,
kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, kilichobaki kitoke.
Kebo mbili mbalimbali, si moja iliyogawanyika.
Sukuma mpaka iseme ta.
Usiikunje shingoni.
Isilale ekstensheni moja na friji.
Na stima ikipotea, zima, kanywe chai;
hurudi na hasira zake,
iache itulie.

Uirudishe mwisho wa mwezi.
Umesema inshallah
kwa ile sauti ya mkopaji.

Jumapili usiku kisiwa kizima giza.
Nimekaa kando ya mashine yangu, tumbo wazi,
waya zinaning'inia,
nawaza Kibokoni.

Simu inamulika. Picha moja:
bi harusi, shingo imegeuka nusu,
hina mpaka viwikoni.
Na chini yake,
bila hata salamu:
nimezima. nanywa chai.