Alama Kumi na Saba

Kadi yake imechoka kumshinda mwenyewe.
Pembe zimeliwa, wino umevuja kwa chai,
na ndani, kwa miandiko mitano ya watu watano,
neno moja: vidonda vya tumbo.
Dawa ya tumbo Januari. Ya tumbo Machi.
Aprili wakampima malaria, hana;
wakampa ya malaria.

Leo ni zamu yangu, zahanati ya Majengo.
Foleni imefika kwa muuza miwa.
Nina dakika kumi na mbili.

"Mwanamkuu binti Shee, waumwa wapi?"
"Hapa." Mkono kifuani. "Na hapa." Shingoni.
"Na hapa kwawaka." Utosini.
"Moyo wanienda mbio nami nimekaa kitako.
Usiku nahisabu mabati,
nikiyamaliza naanza tena."

Presha sawa. Sukari sawa. Damu haikupungua.
Tezi ya shingo nimeipapasa, imetulia.
Kila kiungo kimetoa ushahidi wake
na kila kimoja kimesema: si mimi.

Natoa fomu mtotoni mwa meza,
kivuli cha kivuli cha karatasi fulani.
*Katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi
umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?*
Kiswahili cha fomu kimevaa tai. Nakivua.
"Mama, siku hizi kuna kitu chakupa raha?"
Acheka, cheko kavu kama ganda.
"Raha? Hilo ni jina la duka, daktari."

Na kazi je?
"Nauza mahamri. Siku hizi huungua nikiyatazama.
Nayatazama tu."

Sifuri, moja, mbili, tatu:
natia alama kwa penseli, polepole,
kama mwenye duka aandikaye deni
la mtu ampendaye.

Swali la tisa.
Nainuka, nafunga mlango, narudi.
Chuoni walituambia: kuuliza hakupandi mbegu.
Namuuliza waziwazi, kama nilivyouliza homa:
wafikiria kufa?
Autazama ukuta, picha ya mtoto wa chanjo.
"Kujidhuru, la.
Ila nikilala nisiamke, sitamlaumu mtu."
Ahsante, namwambia.
Sijui kwa nini nimesema ahsante.

Kumi na saba.

Kamusi yasema sonona. Majengo nzima
sijamsikia mtu akilitamka.
"Si wazimu," namwambia, maana hilo ndilo swali
alilokuja nalo chini ya buibui tangu Januari.
"Ni huzuni iliyougua, na wasiwasi,
wamepanga chumba kimoja ndani yako.
Yatibika."

Wifi yake, Tima, achungulia mlangoni:
"Shehe keshamwandikia kombe."
Vyema. Kombe anywe.
Na kidonge ameze, asubuhi, akishakula.
Tumbo litachafuka siku za mwanzo, avumilie;
nafuu haiji mbio, na asiache ghafla.
Alhamisi aende kwa Kadzo, chumba cha nyuma,
mshauri mwenye viti viwili vya plastiki
na subira ya kuvitosha.
"Nawe Tima, usiku usimwache peke yake.
Namba yangu hii. Hata saa nane."

Juma la pili: kichefuchefu. Alama kumi na sita.
Moja! Nikatamani dawa yenye jina refu zaidi.
Juma la nne hakuja.
Nikapiga simu, ikalia mpaka ikachoka.
Chakula changu cha mchana kikapoa kwenye mkebe.

Juma la tano aingia amechelewa,
unga kwenye ushungi, uso umekunjana,
hata salamu hajamaliza:
"Leo mahamri yameungua, daktari, sufuria nzima!
Nimekasirika! Nimemgombeza Tima,
nimemgombeza na jiko,
kisha nikakanda unga upya."

Nachukua ile kadi.
Chini ya miandiko mitano naweka wa sita:
*Amekasirika. Dawa iendelee.*