Kunde Zinajichemkia

Saa kumi na moja alfajiri, Isevya bado giza,
nabandika kunde, naondoka.
Kunde hazina haja na mimi.
Zinataka moto mdogo, maji ya kutosha,
na mtu asiyefunuafunua kifuniko.
Hapo napata mikono miwili ya bure:
nafagia kibaraza, naloweka sare ya Kabula,
na treni ikipiga honi kule stesheni
najua umebaki muda wa kuitia cherehani mafuta.

Hiyo si kufanya mambo mawili.
Ni kufanya moja, huku lingine likijifanya lenyewe.
Ilinichukua miaka kuiona tofauti,
na shilingi elfu themanini.

Maana niliwahi kujiona hodari.
Fundi nguo, wakala wa pesa za simu, muuza vifungo,
na siku za mnada mshauri wa ndoa za watu,
vyote kwenye kiti kimoja.
Bwana Ntinginya akaja Januari, shule zinafunguliwa,
sare ishirini na tatu juu ya meza,
anataka kumtumia nduguye wa Sikonge hela ya msiba.
Mguu kwenye kanyagio, kidole kwenye simu,
mdomo unamjibu Mwashi bei ya zipu.
Nikaandika arobaini na saba
palipotakiwa sabini na nne.
Na mkono wa shati nikauunga kinyume,
kiwiko kikaangalia mbele.

Aliyepokea alikuwa mtu wa Urambo, sauti nzito, mpole.
"Dada, nilidhani ni hela yangu ya tumbaku ya msimu uliopita.
Nimeshanunua mbolea."
Msiba haungoji. Nikafungua kopo la kodi ya pango.
Yeye akarudisha elfu hamsini kwa awamu tatu,
iliyobaki akaileta kwa baiskeli:
ndoo ya asali, nyuki wawili wamefia juu yake.

"Njia mbili zilimshinda fisi," akacheka Mwashi.
Mimi nilimwonea huruma yule fisi.
Angeifuata moja mpaka kwenye mfupa,
akapumzika, akarudi kuinusa ya pili,
leo tusingekuwa na methali.

Siku hizi mkono ukishaijua kazi
sikio naliruhusu litembee:
nashona vifungo, nasikiliza taarifa ya habari;
nakunja pindo, Kabula ananisomea kitabu chake cha shule.
Lakini pesa za watu, mkasi na maji ya moto
navipa macho yote mawili.
Mteja akinikuta nakata kitambaa, namwambia kaa.
Wapo wanaonuna. Wapo waliohamia kwa wakala wa Cheyo.
Waende salama.
Kitambaa hakinuni, ila kikishakatwa vibaya
hakuna awamu tatu.

Juzi jioni nilikuwa na suruali ya mtu wa Kanyenye,
kunde za usiku motoni, Kabula anasoma habari za mvua na mawingu.
Akafika katikati ya sentensi.
"Mama, mwalimu amenihamisha dawati. Nakaa peke yangu."
Alilisema kwa sauti ileile,
kana kwamba nalo limeandikwa kitabuni.
Nusura nimwitikie "mh", pini zikiwa midomoni.

Nikazitoa pini, moja moja.
Nikaondoa mguu kwenye kanyagio.
Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likanyamaza.
Tukaongea mpaka taa ya jirani ikazimwa.

Harufu niliisikia. Nilijua ni ya nini.
Hata kunde zina mwisho wa kujichemkia.
Sikunyanyuka.
Baadaye tuliteka za juu, tukala na ugali,
zinanuka moshi,
Kabula akaomba aongezewe.
Mtu wa Kanyenye alikuja asubuhi, nikamwambia kaa.