Alichanganyikiwa

Mimi ndiye mchapaji wa maelezo, kituo cha polisi,
mji wa Tarkett, jimbo la Iowa.
Dirisha langu linatazama maegesho
na, nyuma yake, mahindi yaliyokwisha kuvunwa.
Miaka kumi na tisa nawasikiliza watu wakisema uongo,
spika masikioni, mguu juu ya kanyagio:
narudisha nyuma, nasikiliza tena, nachapa.

Jumanne moja ya Oktoba, Colter Vandeveer,
jezi nambari arobaini na moja.
"Nilimgonga kulungu," alisema,
sauti tulivu, kama mtu anayeagiza chakula.
Kulungu alitokea upande gani? Kushoto.
Dakika sita baadaye: kulia.
Nikachapa vyote viwili.
Kulungu huyo hakuacha unywele hata mmoja.
Aliacha rangi ya samawati kwenye bampa,
na ndani ya gari la samawati alikuwamo Bi Orpha Dietz,
ameegesha mbele ya nyumba yake anatafuta miwani,
mtulinga wake umevunjika mara mbili.

Alhamisi, Wendell Tubbs,
mwosha vyombo katika bwalo la chuo hichohicho
(sahani za Colter huenda alizisugua yeye).
Taa ya nyuma imekufa, leseni imekwisha muda.
"Aliyeendesha ni kaka yangu."
Kaka yake alikuwa Omaha, hospitalini, amelazwa.
Uongo wa dakika nne.
Aliurudia mwenyewe akaunyoosha kabla kanda haijaisha,
akalia kidogo, akaomba radhi kwa kulia.

Ijumaa, Sajini Haglund akasimama mlangoni pangu
na boksi la donati alizoleta kocha.
"Marlys, hapa ulipoandika *alidanganya*,
andika *alichanganyikiwa*."

Nikayatazama.
Maneno jirani, yamepakana ukuta: danganya, changanya.
Mtu akiwa na donati mdomoni hutayatofautisha.
Kisha ule mkia mwishoni, unaompokonya mtu tendo lake:
si yeye aliyefanya,
jambo limempata tu, kama mafua.

"Na yule wa Alhamisi?"
"Yupi?"
"Tubbs."
Akalamba sukari kidoleni.
"Huyo alidanganya."

Nikafuta. Nikaandika.

Mwendesha mashtaka alisema kijana ana mustakabali.
Tarehe zao za kuzaliwa nimezichapa mimi:
wote ishirini, wamepishana siku kumi na moja.
Sijui mustakabali wa Wendell ulikuwa umewekwa kabati gani
hata hakimu asiuone.
Siku sitini ndani, na bwalo limeshapata mwosha vyombo mwingine.
Colter aliandika barua ya kuomba radhi, mistari mitano,
na akapewa saa ishirini za kufundisha watoto kudaka mpira,
jambo ambalo, kusema kweli, angelifanya bure.

Sitaki mnidhanie mtakatifu.
Jumamosi nilikuwa uwanjani, safu ya ishirini na mbili.
Kiti cha kando yangu, cha marehemu mume wangu, bado nakilipia.
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Ya huyu ilikuwa yadi sitini na mbili.
Aliupokea mpira ule wa umbo la yai,
akaenda kushoto, hapana, kulia,
mabeki wakachanganyikiwa (hao kweli),
na watu elfu thelathini wakainuka kwa pamoja
nami ndani yao, koo limekauka, mikono juu,
mikono ileile.

Nilipoketi ndipo nilipomwona, safu tatu chini yangu,
Bi Orpha, miwani mipya,
mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa kitambaa.
Wa kulia ulikuwa unapiga makofi pajani.