Kengele ya Nyanzobe

Nyuma ya nyumba, Mabatini,
mawe yakiwa bado na joto la mchana,
nimeizamisha kengele ya baiskeli yako
katika ndoo ya maharage. Mama yako hajajua.

Maji kwanza, asidi baadaye.
Fundi Lugata aligeuza mpangilio mara moja tu;
shati lile la matundu analivaa hadi leo.

Waya mwekundu kwenye kengele,
mweusi kwenye kipande cha risasi,
na vipovu vikaanza kupanda, vyembamba,
kama dagaa wanaopumua.

Alumini haipakwi rangi, mwanangu.
Huota ngozi yake yenyewe,
na ngozi hiyo ndiyo hunywa.

Dakika ya arobaini, umeme ukakatika.
Nikakaa gizani kuilinda ndoo,
mbwa wa jirani asije akaonja.

Uliporudi, nikamalizia;
kisha rangi ya ukili, vuguvugu,
kisha maji ya kuchemka, vinyweleo vifumbe.

Zambarau! Zambarau ya ziwa
mvua ikiwa ng'ambo.
Ila ndani, pale waya ulipoishika,
pamebaki peupe:
penye kushikwa, rangi haiingii.

Nilitaka kuirudia.
Ukaniwahi, ukaipiga,
kring', kring', hadi bondeni,
na mama yako akatoka
kuulizia ndoo.