Nyuki Mmoja

Daftari lako la kwanza, Mihayo, nililisoma
kama karani wa ushuru: kalamu nyekundu mkononi,
simu ya mteja imefumuliwa mezani,
mteja mwenyewe mlangoni, anaguna.
Nikakata. Nikageuza. Nikakata tena.
"Hili haliwezekani." "Hili nani atalielewa?"
Hatua sabini, silaha arobaini,
na zimwi la vichwa tisa katika msitu wa Sikonge,
msitu niliolala usiku kumi na minne
nikimfuata babu yako kwenye mizinga,
na la kutisha tulilolipata
ni kuishiwa chumvi.

Ulifunga daftari. Ukasema, "Asante, shangazi,"
kwa sauti ya mtu anayerudisha sahani ikiwa na chakula.
Wiki tatu hukukanyaga Isevya.

Simu iliyoingia maji
siulizi kwanza kilichokufa.
Natafuta kinachopumua bado:
kataa kadogo, mtetemo,
mkwaruzo wa spika. Naanzia hapo.
Sasa kwa nini daftari la mtoto wa kaka yangu
nililifungua kama maiti?

Uliporudi
(mama yako alikutuma chaja, usijifanye)
nilikuomba ukurasa wa thelathini na moja,
pale ulipoandika pembeni, kwa penseli, kama siri:
*Mrina asali haoni nyuki. Anasikia tu.
Akikaribia, sauti inapanda.*

Mihayo, hapo pana gemu.
Hayo mengine ni mizigo ya abiria wa Mpanda
anayesafiri siku mbili na kabati la bibi yake.
Sikusema litupe kabati.
Nilisema lipande behewa la nyuma.
Mbele akae nyuki. Nyuki mmoja, mti mmoja,
mwenge wa moshi.
Tengeneza kule kupanda
mpaka kidole kipende kupanda
hata kama juu hakuna asali.

"Na akianguka?"
Anajua kwa nini ameanguka?
Akijua, atasema "lo, ni mimi," atashika shina tena.
Asipojua, atasema amedhulumiwa,
na aliyedhulumiwa hata umpe maisha mia
hakai.

Tukampa Nyamizi, wa mama muuza vitumbua, miaka minane.
Hakupanda.
Alikaa chini ya mti wako akipuliza moshi,
fuu, fuu, anacheka.
Ukafungua mdomo umwelekeze; nikakukanyaga mguu.
"Anacheza vibaya," ukaninong'oneza.
Anacheza, nikasema. Wewe tazama vidole vyake,
anakusomea barua
ambayo hukujua umeiandika.
Umeme ukakatika, simu ikazima kwa betri mbovu,
mtoto akaangua kilio.
Kilio kile kiandike kwenye daftari, na tarehe.

Kisha tukabishana.
Mimi: akiumwa, apoteze uhai mmoja. Ndivyo zilivyo zote.
Wewe: hapana.
Akiumwa sikio, asisikie upande huo
mpaka ateremke apumzike.
"Babu alikuwa hivyo. Unamwita kushoto, anageukia kulia."

Nilitafuta skrubu ambayo haikupotea.
Miaka yote ile chini ya miti yake
nilidhani ananipuuza.

Fanya unavyotaka wewe. Ushauri nao ni mzinga:
unautundika, unaondoka,
nyuki wakiingia ni hiari yao.
Ila rangi ya yale maandishi ibadilishe,
njano juu ya nyeupe
hata mwewe hasomi.

Jana uliniachia simu, ukaenda kulala.
Nikavaa visikizio, nikafunga duka kwa ndani.
Wanasema treni ya Kigoma iliingia saa nane usiku,
ikapiga honi kuamsha mji mzima.
Mimi sikuisikia.
Nilikuwa nusu ya mti,
sikio la kushoto limeshaumwa,
na la kulia linatafuta.