Yuniti Nne

Kofia kwanza. Kamba ya kidevu, hivyo.
Egemea mbele, kinakwenda; egemea nyuma, kinatii.
Usikibane kwa magoti kama punda, bibie,
hiki hakina mbavu.
Wageni saba juu ya magurudumu kumi na manne,
na mimi wa nane, fulana ya kampuni, kipaza sauti shavuni,
tunatoka Ngomeni tukilia ziii, ziii,
kama mbu waliokatiwa tiketi.

Ndia Kuu, saa tano kasorobo.
Harufu ya viazi vya karai. Mwenye mkokoteni wa maji
anatupisha kwa adabu,
paka wa Kibokoni hapishi.
Hapa, nasema, palikaa mshona kanzu. Kweli.
Roshani ile ilivuka bahari vipande vipande. Karibu na kweli.
Na hapa, mlango wa misumari ya shaba,
tajiri mmoja alimficha mkewe wa nne
miaka saba ndani ya ukuta wa matumbawe.

Uongo.
Uongo wangu mwenyewe, niliutunga msimu wa masika
wageni walipoadimika na bakshishi ikakonda,
na kila niliposema "ndani ya ukuta"
simu zilipanda juu kama mikono ya darasa.
Sikuwaambia kuwa ndimo nilimozaliwa.
Pale huegemea mbele zaidi, tupite upesi,
kwani shangazi Mwanakombo bado yumo
na dirisha lake halina kioo, lina masikio.

Leo chombo cha Bwana Joost, mstaafu wa posta,
kikawasha taa nyekundu, kikalala.
Wapi? Papo hapo. Kwa mke wa nne.
Nikabonyeza, nikabembeleza, nikapiga bismillahi.
Betri ni betri.

Mlango ukalia. Leso kichwani, upawa mkononi.
"Ndoo hapa, Twalib. Waambie wageni wako
huyo mke wa nne ndimi,
na ndani ya ukuta mna panya na deni la mabati.
Na wewe nilikuosha kwenye beseni lile pale,
ukilia mtaa mzima usilale.
Hilo mbona huwahadithii?"

Nilikosa pa kuweka macho. Saba wanangoja tafsiri.
Nikatafsiri. Yote, hata beseni.
Bwana Joost akacheka hadi kofia ikamfunika nyusi,
akasema kwao pia, mji wa mifereji na minara,
alizungushwa hivi hivi, juu ya chombo hiki hiki,
wakaonyeshwa daraja alipozama bibi harusi.
Mji wake mwenyewe! Kazaliwa hatua mia mbili kutoka pale,
hakuna bibi harusi aliyezama.
Bakshishi alitoa, akasema,
maana miaka sitini akipita na barua
daraja lile hakuwa amelitazama.

Waya ukapitishwa dirishani.
Mita ikasoma yuniti nne.
"Zikiisha mtanunua," shangazi akasema,
"mna samaki wa Ijumaa kwenye friji."
Wakakaa barazani, miguu yao mirefu ikikosa pa kwenda,
kahawa chungu, vikombe visivyofanana,
na mmoja wao, msichana mkimya wa mwisho wa msafara,
akauliza mbona msumari wa pembeni haupo.

Miaka minne napita na watu hapa.
Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Niliung'oa mimi, nikamwambia. Darasa la tatu.
Nilikuwa na pia isiyo na ncha.
Nikaingoja simu ipande.
Haikupanda. Alisogea tu,
akatia kidole ndani ya tundu.

Taa ya kijani. Kofia. Kamba ya kidevu.
Kabla hatujafika Mlango wa Papa
nikamtumia shangazi yuniti ishirini, nikiendesha kwa mkono mmoja,
jambo ambalo wageni nawakataza.
Simu ikatetemeka:
"Zimeingia. Kesho mke wa nne apike kahawa ya wangapi?"