Kilemba cha Gunia

Isyonje, alfajiri ya mwezi wa saba.
Ukungu umeshuka mpaka kwenye matairi ya Fuso
na vidole vyangu havijui kama sindano ndiyo baridi
au ni vyenyewe.
Mimi ni mshonaji. Sishoni magauni.
Nashona midomo ya magunia,
na gunia likishajaa nalivika kilemba:
neti, kamba ya katani,
ndoo mbili za viazi juu,
ndoo mbili zisizo na bei.

Lumbesa. Huku Uporoto hata mtoto wa chekechea
anajua kwamba gunia moja si moja.

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya mizani.
Tarumbeta zilikuwa zimetulainisha.
Akapiga mimbari, tukaitika amina,
na mzee wa kanisa Anyosisye, mwenye Fuso mbili,
amina yake ndiyo iliyotikisa bati.
Jumanne akaja diwani na spika juu ya gari:
lumbesa marufuku! Faini akaitaja mpaka senti.
Tukapiga makofi, tukampa gunia la zawadi.
Nililishona mimi.
Lilikuwa na kilemba.

Siku ile sikucheka. Nacheka sasa.

Sisemi ni wanafiki, neno hilo ni jepesi mno.
Dalali Kibwana nimemwona akiswali nyuma ya roli,
paji la uso kwenye mkeka wenye umande,
kwa unyenyekevu ambao mimi siuwezi.
Mtu anaweza kumpenda Mungu kwelikweli
na gunia asilione.

Kisha akaja Tusekile, mjane wa kule bondeni,
viazi vyake kavileta kichwani, safari sita,
gunia moja, la mwaka mzima.
Hakuna aliyemwambia kitu.
Aliinama akaanza kujaza kilemba mwenyewe,
taratibu, akichagua vilivyo vizuri,
kama mtu anayevua viatu mlangoni pa watu.
Kama adabu.

Mkono wangu ukagoma.

"Nani kakutuma?" akauliza Kibwana. "Wapinzani?
Au umeokoka jana?"
Nikatafuta jibu, nikapata uzi tu.
Sikuwa na aya wala kifungu,
nilikuwa na sindano iliyosimama hewani
na watu wananitazama.
Nikalishona bapa.
Tusekile akazikusanya ndoo zake mbili kwenye kanga,
hakunishukuru, akaondoka upesi
akigeuka nyuma kama aliyeiba.

Wiki mbili sikuitwa kazini.
Ya tatu nikarudi, nina watoto.
Nimeshona vilemba tangu hapo, vingi,
na sitaki mtu anitungie sifa.

Ila usiku najiuliza ule mgomo ulitoka wapi.
Kama ni Mungu, mbona alipita mimbarini
bila kusimama?
Kama ni serikali, kitabu chake cha sheria
kiko Mbeya mjini, kabatini, kinakula vumbi,
na bado nakihitaji, maana mkono mmoja
ukigoma peke yake hulala njaa.
Na kama ni mimi,
basi mimi ni nani siku zile nyingine?

Jana Tusekile alikuja tena.
Washonaji tulikuwa wanne,
watatu hawakuwa na mtu.
Akaja akasimama kwangu,
nyuma ya watu tisa.